Mwinuko Usiofika Kadibodi Moja

Nilikutana na mradi wa maji nikiwa napiga vanishi vitanda vya watu pale Dagoretti Corner, kwenye vibanda vya samani vilivyopangana kando ya barabara ya Ngong. Ilikuwa kazi ya kupita, kama kazi zangu zote. Kabla ya hapo nilikuwa nimeosha magari, nimeuza miwani ya jua, nimembebea mpiga picha wa harusi taa zake. Sikukaa shuleni muda wa kutosha kujua ninachotafuta, kwa hiyo nilikuwa natafuta kila kitu.

Siku hiyo akaja mzee mmoja akiulizia ubao. Alikuwa mtu wa pwani, kofia iliyoshonwa kwa mkono kichwani, michoro iliyokunjwa kwapani, na Kiswahili chake kilitufanya sote pale tuonee haya kidogo kile chetu. Alitaka ubao wa plaiwudi mpana kama vitanda viwili vilivyosogezwa pamoja, na uwe umenyooka. Mwenye kibanda akamwapia kwamba zake zote zimenyooka. Mzee akapiga magoti, akalaza shavu juu ya ubao wa kwanza, akafumba jicho moja.

"Huu umenyooka kwa maneno," akasema. "Nitafutieni ulionyooka kwa macho."

Tulipoupata uliomridhisha, nikamuuliza kitakaa nini juu yake.

"Nchi ya watu," akanijibu. "Na mto wao."

Nikamsaidia kuupeleka ubao ule mjini. Sikurudi tena kwenye vitanda.

Wahandisi walikuwa wamekodi ghorofa ya tano katika jengo la zamani katikati ya jiji, lenye lifti iliyofanya kazi ikijisikia. Shughuli yao ilikuwa kupanga namna ya kuchepusha maji ya mto mkubwa wa mashariki. Sehemu ya maji ingechukuliwa huko juu, kabla mto haujateremka kwenda baharini, iingizwe kwenye mfereji, na mfereji uipeleke kwa mteremko wake wenyewe, bila pampu, hadi upande mkavu ambako mvua hunyesha ikikumbuka. Mzee alikuwa ameajiriwa kutengeneza mfano wa ardhi yote hiyo, ili wakubwa na wananchi waone kwa macho kile ambacho ramani huwaambia wahandisi peke yao. Alihitaji mtu wa kumkatia kadibodi. Nilikuwa nimeshasimama pale, mikono mitupu, nikichungulia kila kitu. Akanipa kisu.

Nilipoinama juu ya michoro mara ya kwanza niliona jina la soko letu. Kando yake shule ya msingi niliyoiacha. Upande mkavu ulikuwa kwetu.

Jioni nilimwambia dada yangu. Nilikuwa nakaa naye mtaa wa Satellite, vyumba viwili, mimi nikilala kwenye kile chenye jiko. Yeye ndiye kifungua mimba wetu na mimi ndiye kitindamimba, na katikati yetu hakubaki mtu. Baba alipofariki ndiye aliyenileta Nairobi, akanipeleka shule, akanitafuta nilipoitoroka, mwishowe akachoka kunitafuta akawa ananiwekea tu chakula. Alikuwa msusi Kenyatta Market. Wateja walimfuata hata baada ya kuhamia mbali, wakakaa kwenye kiti chake asubuhi nzima wakisukwa rasta, wakaondoka na vichwa vinavyonukia nyama choma ya vibanda vya jirani. Alikuwa akiwatania kwamba mafuta hayo hayatozwi.

Kila mtu pale sokoni alijua kwamba dada yangu hakuwa amekuja Nairobi kukaa. Alikuwa akisubiri maji. Mwenye duka akipandisha kodi ya kibanda, dada husema maji yakija, nitawaachia. Mteja akimwambia habari ya kiwanja Kitengela, husema cha nini, maji yakija narudi kwetu. Watoto wake wawili walikua, wakaoa na kuolewa, wakimsikia akisema hivyo. Kwetu alikuwa mama yetu peke yake, na miguu yake ilikuwa imeanza kukataa.

Mtu angeweza kuuliza kwa nini asimlete mama mjini. Alimleta. Mama alifika Satellite wiki ambayo mabomba yalikuwa yamekauka, kama kawaida ya mabomba ya kule, na asubuhi akamwona kijana wa mkokoteni akishusha mitungi mlangoni petu. Akamtazama mpaka akamaliza. "Kumbe hata huku mnabebewa," akasema. "Basi mimi nirudi kwenye ya kwangu." Hatukuweza kumbadilisha. Na dada, kwa upande wake, hakuweza kurudi kuwa mbebaji. Alikuwa amebeba mtungi tangu alipokuwa na kimo cha mtungi wenyewe, kwa kamba ya kichwani, kama wasichana wote wa kwetu. Alisema mgongo wake aliuleta Nairobi kuuokoa. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa upande wake wa ukame, na katikati yao kulikuwa na msichana wa jirani aliyemchotea mama maji, na msichana huyo alikuwa na mchumba tayari.

Ndiyo maana nilipomwambia dada ninachokata, aliweka mwiko chini.

"Apa," akasema.

Nikaapa. Kuanzia siku hiyo, kila nilipoingia aliniuliza tumefika wapi, kama mtu anayeuliza basi limefika wapi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwenye ramani kuna mistari inayopinda kama nyuzi zilizoanguka, na kila mstari huunganisha sehemu zilizo na kimo kimoja. Mzee alinifundisha kwa bakuli la supu. Alichovya kipande cha mkate, akasema ukingo wa supu ndio mstari. Punguza supu, upate mstari wa chini yake. Unakata kadibodi kwa kufuata mstari, unagundisha juu yake nyingine iliyokatwa kwa kufuata mstari unaofuata, na polepole bonde na vilima vinainuka kama ngazi. Kila kadibodi ilisimamia kimo cha nyumba ya ghorofa tatu hivi. Mzee hakupenda niharakishe. "Kata taratibu," alikuwa akiniambia bila kuinua kichwa, "hapo pana watu wamelala." Saa sita mchana aliosha gundi mikononi akaenda msikitini, nami nikabaki na ile nchi peke yangu.

Sijawahi kufanya kazi niliyoipenda kama ile. Nilikuwa mtu wa kuanza mambo. Nilijua mwanzo wa ufundi mwingi na sikujua mwisho wa hata mmoja. Lakini kadibodi zile nilizimaliza zote, hata zile za milima ya mbali ambako mfereji haukupita. Tulipopaka rangi na vanishi, nilichukua punje ya ndengu nikaigundisha mahali pa boma letu. Mzee aliiona. Akauliza ni nini, nikamwambia ni kwa mama. Akaiacha.

Mkutano wa wananchi ulifanywa Nairobi, katika ukumbi wa kanisa moja mjini, na hilo halikumshangaza mtu. Wasemaji wa kwetu wote wako Nairobi. Ni makarani, walimu, walinzi, wauza mitumba. Jumapili wanajaza makanisa, na Desemba wanarudi nyumbani kuwaeleza waliobaki huko wanachokitaka. Mkutano wa kijijini ungefuata baadaye. Tuliubeba ule mfano kwenye pikapu, umefunikwa shuka, watu barabarani wakitutazama kama tumebeba maiti.

Injinia aliyesimamia mradi alikuwa mwanamke, mdogo kwa dada yangu kwa miaka mingi, mpole, mwenye sauti ya kwayani. Alieleza vizuri. Alikuwa na kitaa cha mkononi kinachotoa nukta nyekundu, na nukta hiyo ilitembea kutoka mtoni, ikafuata mfereji, ikapita vijiji kimoja kimoja. Watu waliifuata kwa macho kwa adabu, lakini niliona hawaioni. Mwishowe mzee mmoja wa kanisa akainuka.

"Injinia, tunashukuru," akasema. "Lakini hiyo taa yako hainyweki. Tuonyeshe maji."

Ukumbi ukacheka, na injinia akacheka pia. Alipokuwa bado anatafuta jibu, dada yangu akatoka kwenye kiti chake na chupa ya maji mkononi, ile aliyokuja nayo kwa ajili ya joto. Mzee wangu wa pwani akatandaza kiganja juu ya mfano.

"Hii ni karatasi, mama," akamwambia.

"Si umeipaka vanishi," dada akasema. "Sisi kina mama tunajua vanishi."

Injinia akasema basi, kidogo tu. Dada akaniuliza mto unachukuliwa wapi. Nikamwonyesha. Akainamisha chupa taratibu, kama anavyomsuuza mteja nywele, na maji yakaingia kwenye mchirizi niliouchonga kwa ncha ya kisu. Yakatembea. Watu wa nyuma walisimama juu ya viti. Yakapita kijiji cha kwanza, yakazunguka kilima, na yalipofika mwisho wa mfereji yakasimama kidogo kana kwamba yanaulizia njia. Kisha yakatandaa juu ya kadibodi iliyokuwa bapa, yakavuka, yakadondoka upande wa pili, yakakusanyika yakaizunguka ile punje ya ndengu.

Vigelegele vilipigwa mpaka askari wa mlangoni akaja kuchungulia. Wakaanza wimbo, na injinia akaimba nao. Nadhani na yeye alikuwa mtoto wa kanisa. Mzee alikuwa tayari ametoa leso anakausha, akinung'unika. Dada hakuimba. Alisimama na chupa tupu.

"Imefika," akaniambia. "Umeona? Imefika kwa mwaitu."

Mwaitu ni mama, kwa lugha yetu. Alimpigia simu papo hapo, kwenye ngazi za kanisa, kidole kwenye sikio la pili. Sikusikia mama alijibu nini. Nilimwona dada akitikisa kichwa kukubali, akasema ndiyo, ndiyo, akakata.

Nilikuwa na furaha ile ambayo sasa nikiikumbuka naigusa kwa tahadhari. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa imemwonyesha dada yangu kitu alichokisubiri maisha yake yote.

Kadibodi zilivimba, bila shaka. Siku iliyofuata mzee aliniacha nizibandue zile za juu upande wa kwetu, nizikaushe dirishani, nizipige pasi na kuzirudisha. Nilikuwa nimeishika moja mkononi, nikiinyoosha kwa dole gumba, kutoka mwisho wa mfereji kuelekea kwetu. Ilikuwa bapa kama meza. Nikapitisha dole tena. Kitu kikanikwaza, na hakikuwa kwenye kadibodi. Kilikuwa mgongoni mwangu.

Kati ya mahali pale na boma letu kuna mwinuko. Kila mtu wa kwetu anaujua. Kiangazi mto wetu mdogo hubaki mchanga mtupu, na watu huchimba visima vya mkono mchangani wakachota humo. Na kutoka mchangani hadi nyumbani lazima uupande mwinuko ule. Si mlima. Mgeni hawezi hata kuupiga picha. Lakini wanawake wanaokuja wakipiga soga tangu mtoni hunyamaza wakianza kuupanda, na huendelea na ile ile habari wakifika juu. Punda husimama katikati na hakuna wa kumlaumu. Nilipokuwa mdogo dada alikuwa akinitolea hadithi akipanda, sentensi fupi fupi, huku anahema, ili nisiutue mtungi wangu mdogo. Ndio mwinuko uliomaliza miguu ya mama.

Nikakipima kimo chake akilini. Ulikuwa kama nyumba ya ghorofa mbili. Haukufika kadibodi moja. Ulikuwa umeangukia katikati ya mstari na mstari, na kwenye mfano wetu palikuwa uwanda.

Kilichonishangaza, na bado kinanishangaza, si kwamba ramani iliukosa. Ramani ilichorwa na watu wasiotujua. Lakini ukumbini walikuwa wamejaa watu waliouona mwinuko ule wakiwa na mitungi mgongoni, na dada yangu akiwa mbele yao, na mimi niliyekata, na sote tuliyaona maji yakipita pale, wala hakuna aliyeuliza ulikokwenda.

Nilimfuata injinia. Hakunifukuza. Alikunjua ramani, akatazama kwa muda, akaniambia kitu kidogo kama hicho hakiwezi kuonekana hapo, na ndiyo maana wapimaji watapelekwa kutembea njia nzima kwa miguu. Nikamuuliza itakuwaje wakiukuta. Alisema watakata wapitishe mfereji, kama ni udongo. Akaniuliza ni udongo au jiwe. Nilijaribu kukumbuka. Nilichokumbuka ni nyayo kuungua tu.

Dada nilimkuta Jumapili anafua mapazia. Alikuwa ameshamwambia mwenye nyumba kwamba anahama. Kiti chake sokoni alikuwa amemwachia mwanamke waliyeshirikiana naye kibanda, na pale Kenyatta Market walikuwa wamemwimbia na kumlisha nyama. Msichana wa jirani kule kwetu alikuwa ameolewa wiki ile ile.

"Dada," nikamwambia, "na ule mwinuko wa njia ya maji?"

Alisimama na pazia mkononi, likidondosha maji. Niliona neno lile likimwingia, kisha nikamwona analisukuma nje.

"Kale ni kamlima?" akasema. "Hapo Ngong wametoboa mlima treni ikapita. Watashindwa na kale?"

"Injinia anasema tungoje wapimaji."

"Wewe ngoja. Mimi nimengoja tangu hujaota meno." Akalianika pazia. "Na mwaitu amengoja tangu mimi sijaota."

Hakukuwa na ubishi katika sauti yake. Alikuwa karibu kunionea huruma. Nilimsindikiza kwenye basi na magunia yake. Nikahamia chumba kimoja, palepale Satellite, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na mlango wangu na sikuupenda.

Alikuwa akinipigia jioni, anapopata mtandao mzuri, na ili aupate ilimbidi apande juu ya mwinuko ule ule. Hapo mwanzo alicheka kuhusu hilo. Alinieleza mama anakula vizuri, anamtuma kama mtoto, anamkosoa anavyosonga ugali. Alieleza alivyopanga shamba, hapa sukuma, hapa miembe ya kupandikizwa, hapa nyanya, mahali maji yatakapoingilia. Kisha akaanza kunieleza kuhusu foleni ya kisimani. Baadaye alinieleza kuhusu bega. Hakulalamika. Alitaja tu, kama mtu anavyotaja hali ya hewa, na mimi nikawa namsikia akihema kabla hajaanza kuzungumza.

Wapimaji walifika. Dada aliwapikia uji, akawaonyesha kivuli, akatembea nyuma yao siku nzima. Walikuwa vijana wenye heshima. Walichimba hapa na pale, na kila walipochimba chuma kililia. Lilikuwa jiwe, kutoka ncha hadi ncha, limefunikwa udongo mwembamba kama ngozi.

Ofisini mambo yakawa ya hesabu. Kulipasua jiwe kwa baruti kulikuwa gharama kwa ajili ya maboma machache. Pampu ingehitaji umeme, fundi, na kamati ya kugombana. Injinia aliliweka tawi la mfereji la kuja kwetu kwenye rasimu moja, akaliweka kwenye ya pili, likarudi limefutwa na walio juu yake. Katika mpango wa mwisho mfereji ulisimama upande wa pili wa mwinuko, kwenye kioski cha maji kitakachojengwa karibu na mto wa mchanga. Maana yake maji yangefika, siku mfereji utakapochimbwa, mahali pale pale ambapo mama na dada walikuwa wakiyachota tayari. Na hadi ninapoandika haya haujachimbwa.

Sikujua nitamwambiaje. Sikupata nafasi ya kujua, kwa sababu wapimaji walishamdokezea, na asubuhi moja akanipigia kuwa yuko mjini, chini ya jengo, nishuke.

Alikuwa amekonda. Lifti haikuwa inafanya kazi. Alipanda ghorofa tano bila kushika ukuta, na huko juu mimi ndiye niliyekuwa nahema. Mfano ulikuwa umetolewa kwenye chumba cha mikutano na kuwekwa kwenye korido, katoni za karatasi zimepangwa juu ya milima. Dada aliziondoa mwenyewe, moja moja, akaziweka sakafuni. Injinia akatoka ofisini akamkuta ameinama pale.

Walisalimiana vizuri. Injinia alimkumbuka, akamwita mama wa chupa, akamletea kiti ambacho dada hakukikalia. Akamweleza yote, bila kuficha, kwa lugha rahisi, mpaka kwenye kioski. Dada alimsikiliza, akaweka kidole mwisho wa mfereji.

"Maji itaishia hapa."

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tuko hapa." Kidole kikateleza mpaka kwenye ndengu. "Hapa katikati hakuna kitu. Siku ile hakukuwa na kitu. Sasa mimi nimekuja kuuliza, nani ameurudisha?"

Injinia akakitazama kidole cha dada.

"Ulikuwepo, mama. Modeli ndiyo haikuwa nao." Kisha akasema, "Ilinipasa kukukataza kumwaga. Nilifurahi nanyi, sikufikiri."

"Hapana," dada akasema. "Hata ungenikataza ningemwaga."

Hakumkasirikia. Alimshukuru kwa kuliweka tawi letu mara mbili, akamwombea kwa kazi yake, na akazirudisha katoni juu ya milima kama alivyozikuta, akikataa tumsaidie.

Tulipotoka nje tulitembea mpaka tukavuka barabara ya pili. Jua lilikuwa kali, na watu wa ofisini walikuwa wakitoka kula. Akaniuliza bila kunitazama.

"Ulipokuwa unakata, hukuukumbuka?"

"Hapana."

"Hata mimi. Na nimeupanda maisha yangu yote." Tulisimama kupisha gari. "Siku ile nikimpigia mwaitu pale kanisani, unajua aliniuliza nini? Aliniuliza, yamepanda? Nikamwambia ndiyo, yamepanda."

Mama hakuwa ameuona mfano. Alikuwa amesikia vigelegele tu kwenye simu.

Nilimwambia dada abaki. Nilisema tutamleta mama tena, safari hii kwa upole, tutatafuta nyumba yenye tangi. Nilisema kiti chake kiko, wateja bado wanamuulizia, na ilikuwa kweli. Nilisema mambo mengi, nikitembea kando yake upande wa barabara, na nilikuwa nikijisikia ninavyosema kama mtu anayemwaga maji juu ya kitu bapa.

"Na nani atapanda?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu ambalo halinihusu. Nilimwambia nitakuja kuwasaidia, na alinipigapiga mkono, kama anavyofanya mtu aliyenitafuta mara nyingi na kujua sehemu zote ninakojificha. Akasema nikija nije na viatu vizuri.

Kwenye stendi alinunua mkate na dawa ya kuchua ya mama. Basi lilipokuwa linapakia mizigo akaniambia kuna begi alilokuwa ameliacha pale sokoni, chini ya kaunta: vitana, mikasi miwili, sindano za kushonea nywele, na kikaushio kizuri alicholetewa na mwanawe. Alikuwa ameliacha kusudi, hakuwa amemwambia mtu. Sasa nilichukue nimpe yule mwanamke wa kwenye kiti. Nisimuuzie, nimpe tu.

Nilienda siku ile ile. Vibanda vya nyama vilikuwa vimejaa, na akina dada wa saluni walinishika mkono njiani wakiniuliza nina mke wa kusukwa. Mwanamke yule alikuwa na mteja. Nilisubiri mpaka akafika mwisho wa mstari, nikamweleza. Alilivuta begi, akalifungua juu ya mapaja yake, akatoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga kwenye meza chini ya kioo.

"Kwa hivyo harudi," akasema.

"Harudi."

"Kwani maji ilifika?"

Nikamwambia haikufika. Alinitazama kwenye kioo akasubiri nimalizie, kisha akachukua mkasi mkubwa, akaujaribu kwenye uzi wa rasta, akamwinamisha mteja wake kichwa akaendelea.